Mgeni Asiyealikwa

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga waliotuachia maneno haya walikuwa wakifikiri nyumba ya watu, ambamo mwenyeji ana ulimi wa kusema karibu, na ana komeo la kufunga mlango wake akichoka. Hawakusema lolote juu ya nyumba ambayo mwenyeji wake hana ulimi wala komeo, na mgeni wake huja kwa makundi, nauli amekwisha kulipa, na saa ya kuondoka amekwisha kuambiwa. Je, mwenyeji wa nyumba kama hiyo naye hupona kwa kufikiwa na mgeni? Swali hili si la mzaha, maana nyumba yenyewe ipo, na wageni huiendea kila mwaka.

Nyumba hiyo ni kisiwa kidogo kilicho karibu na ncha ya kusini ya Amerika, katika Mlango-bahari wa Beagle, upande wa Argentina. Jina lake ni Martillo, na maana yake kwa Kihispania ni nyundo. Msafiri huondoka katika mji wa Ushuaia kwa basi, akaenda mashariki kiasi cha kilomita 85 mpaka shamba la Harberton, lililoanzishwa mwaka 1886. Hapo huingia katika mashua ndogo, na baada ya muda mfupi huteremka katika pwani ya changarawe, mbele ya mamia ya pengwini waliosimama kama watu wanaongoja habari. Wageni hawashuki kisiwani kwa fujo. Hushuka watu 20 kwa wakati mmoja, pamoja na kiongozi wao, na muda wao ni kama saa moja tu.

Siku moja ya Desemba, ambayo katika nchi ile ni mwezi wa kiangazi, miongoni mwa watu 20 alikuwamo mwalimu mmoja mwanamke, mtu wa makamo, aliyezaliwa katika pwani ya maji ya vuguvugu. Alipokuwa mtoto aliona picha ya pengwini katika kitabu cha kusomea, akadhani ni mzee aliyevaa kanzu nyeupe na joho jeusi juu yake, anakwenda kusuluhisha ugomvi wa watu. Alipoambiwa kuwa ni ndege asiyeruka, hakusadiki. Tangu siku ile alikuwa na shauku ya kumwamkia mzee yule ana kwa ana. Aliweka akiba miaka mingi, na safari ilipotimia aliuona ufuo ule machozi yakimlengalenga, kwa baridi na kwa furaha pamoja.

Kiongozi alikuwa msichana mwenye sauti ya upole na maneno machache. Kabla ya hatua ya kwanza alitoa masharti. Watu wafuatane nyuma yake katika njia iliyowekewa alama, wala mguu usitoke nje yake, kwa kuwa ardhi ya pembeni ina mashimo chini, na mguu mmoja mzito waweza kuangusha paa la nyumba juu ya mayai au watoto. Watu waseme kwa sauti ndogo. Chakula kisiletwe. Asiguswe ndege yeyote, hata akija mwenyewe. Pengwini akitaka kuvuka njia, mtu asimame mpaka apite, kwa sababu njia ni yake.

Masharti haya huonekana mazito kwa asiyejua habari za wageni waliotangulia. Mwaka 1520 mabaharia wa Magellan, ambaye jina lake limepewa pengwini wa kusini, waliwakuta ndege hawa katika pwani ya Patagonia, na habari iliyoandikwa na mwenzao Pigafetta husema kuwa kwa saa moja walijaza merikebu zao tano. Mwaka 1578 watu wa Drake waliwaua maelfu katika kisiwa kimoja kwa ajili ya nyama ya safari. Ndege asiyeruka, ambaye hajamzoea adui wa nchi kavu, ni akiba rahisi kwa mwenye njaa na rungu. Hata mwanzoni mwa miaka ya 1980 walitokea wafanya biashara waliotaka pengwini wa pwani ya Argentina wachinjwe ili ngozi zao zishonwe mifuko ya mikono. Watu wa nchi wakalia, na jambo lile likakataliwa.

Wala wenyeji walioumia kwa wageni hawakuwa ndege tu. Mlango-bahari ule ulikuwa nyumba ya Wayaghan, watu wa mitumbwi, ambao zamani waliwasha moto hata ndani ya chombo. Mwaka 1884, serikali ya Argentina ilipofika kuweka kituo chake Ushuaia, ugonjwa wa surua ulienea kati yao, na wengi wakafa. Thomas Bridges, mmisionari aliyeanzisha Harberton, aliandika kamusi ya lugha yao yenye maneno kama 32,000. Kamusi ilichapishwa mwaka 1933, na wasemaji walizidi kupungua. Cristina Calderón, mtu wa mwisho aliyeipata lugha hiyo kwa mama yake, alikufa mwaka 2022. Wajukuu wa Wayaghan wapo hai hata leo ng'ambo ya maji, katika kisiwa cha Navarino, na baadhi yao wanaikusanya lugha neno kwa neno. Basi katika maji yale mgeni alikuja, na mwenyeji hakupona. Mtu akikumbuka hayo, hawezi kuyaona masharti ya msichana yule kuwa ni ubishi wa bure.

Kundi likaenda polepole. Pengwini wa Magellan, kimo chao kama sentimita 70, mistari miwili myeusi kifuani, walikuwa milangoni mwa mashimo yao, wakigeuza shingo huku na huku kama mtu mwenye jicho moja zima anayetafuta sindano. Mara kwa mara dume mmoja aliinua mdomo juu, akalia kama punda, na wenzake wakaitikia. Mbele kidogo, juu ya uwanda wazi, waliketi pengwini wa jamii nyingine, wenye midomo myekundu na doa jeupe juu ya jicho, kila jozi juu ya tuta lake la vijiwe. Mmoja aliiba kijiwe cha jirani yake, akarudi nacho kwa heshima kubwa kama mtu aliyetoka sokoni. Wageni wakacheka kwa kuziba midomo. Mwalimu aliona kuwa wazee wa kitabuni hawakuwa wasuluhishi wa ugomvi wa mtu yeyote. Walikuwa na ugomvi wao wenyewe, na kazi zao, na njaa ya watoto wao. Jambo hilo halikumpunguzia mapenzi, lilimwongezea heshima.

Ndipo alipoliona shimo moja karibu na njia. Mzazi alikuwa amelala mlangoni, macho nusu yamefumba. Kifaranga mmoja, mwenye manyoya ya kijivu mororo kama pamba chafu, alikuwa amejitokeza ubavuni pake. Hatua chache kutoka hapo alisimama skua, ndege mkubwa wa rangi ya hudhurungi, mwizi wa mayai na watoto, akitazama upande mwingine kama asiye na haja. Akasogea hatua moja. Akasimama. Akasogea tena.

Mwalimu aliyekuwa amezoea miaka mingi kutenganisha wakubwa na wadogo uwanjani hakufikiri. Aliinua mkono, na mguu wake mmoja ukatoka nje ya alama. Kiongozi akamshika kiwiko taratibu. "Tafadhali, mama," alisema, "hata hapo tunapita tu." Mwalimu akanong'ona kuwa mtoto ataliwa. Msichana akajibu kuwa huenda ataliwa, na huenda hataliwa. Skua naye ana kiota, na ndani ya kiota chake mna watoto. Kisha akaonyesha kwa kidole ardhi iliyokuwa chini ya mguu wa mwalimu. Udongo ulikuwa umeanza kupasuka. Chini yake palikuwa na shimo jingine.

Mwalimu akarudisha mguu wake. Alitahayari kama mtoto aliyekamatwa na kosa, na tahayari yake ilikuwa kali zaidi kwa kuwa kosa lilitoka katika huruma. Si vigumu kumzuia mwovu asitende ubaya wake. Kila sheria imetungwa kwa ajili hiyo. Vigumu ni kumzuia mtu mwema asitende wema wake mahali usipotakiwa. Waliokwenda na rungu walikuwa na njaa, lakini wengine katika maji yale walikwenda na dawa, na vitabu, na nia safi, na miguu yao pia ilikuwa mizito.

Wala isidhaniwe kuwa kutazama peke yake hakuna uzito. Wataalamu waliochunguza pengwini wa Punta Tombo, kaskazini zaidi katika pwani ya Argentina, waliona kuwa ndege wazima waliozoea wageni huacha kushtuka sana wakiwaona. Lakini vifaranga walioanguliwa karibuni katika sehemu zenye wageni wengi walishtuka zaidi kuliko wenzao wa sehemu za upweke, na mshtuko huo ulipimwa katika damu yao. Hivyo hata mgeni mtulivu huacha alama ambayo hawezi kuiona kwa macho yake. Kwa upande mwingine, asiyekiona kitu aghalabu hakipiganii. Hapana shaka katika wale waliokataa mifuko ya mikono walikuwamo waliopata kusimama mbele ya ndege hawa wakastaajabu. Kwa hiyo ziara si dhambi wala si thawabu kwa asili yake. Kipimo chake ni watu wangapi, kwa muda gani, na kwa adabu gani.

Saa ikatimia. Kundi likageuka kurudi ufuoni, na njia ya kurudi haikupita mbele ya shimo lile. Mwalimu aligeuza shingo, akaona migongo meusi mingi, asiweze kupambanua nyumba ipi ni ipi. Pengwini wawili walikuwa wakivuka njia kwenda majini. Watu 20 wakasimama kwa baridi, hakuna aliyesema neno, mpaka wakapita. Hao wawili hawakutazama nyuma.

Mashua ikaondoka. Mwalimu hakujua kama kifaranga aliishi, wala hatajua maisha yake yote. Ikiwa mwenyeji wa kisiwa kile alipona kwa lolote siku ile, alipona kwa kuwa mgeni alirudisha mguu wake, kisha akaondoka.