Futari ya Bububu

Ramadhani ya 2010 iliangukia Agosti, kipupwe bado hakijatoka Unguja. Alasiri upepo wa kusi ulikuwa ukivuma pale Darajani na kuchanganya harufu zote za soko: tende zilizomwagwa juu ya magunia, viazi vikuu vyenye udongo mbichi, pweza, iliki, mkate wa ufuta. Mama alitangulia na kapu la ukindu kichwani. Mimi nilifuata nyuma, nimekumbatia sufuria ya muhogo wa nazi iliyofungwa kwa kanga mbili, na moto wake unapenya hadi kifuani. Ukipanda gari ya 502 ya Bububu na sufuria ya namna hiyo mwezi wa Ramadhani, abiria wanajua kuwa imo safari ya sadaka. Wanasogea. Utingo naye haidai nauli sufuria.

Tulikuwa tukienda soba, nyumba ya vijana wanaoacha unga, ndani kidogo ya barabara ya Bububu. Kaka yangu alikuwa humo.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kawaida, bati limeshika kutu pembeni, ukuta wa matofali usiopigwa lipu, na uani mshelisheli mkubwa uliowafunika vijana wote. Chini yake palitandikwa majamvi. Ndoo za maji zilipangwa kando ya kisima, na juu ya kamba zilianikwa fulana na kanzu, nyingine zimetolewa na watu wa msikiti wa jirani na hazikumkaa vyema hata mmoja wao. Vijana walikuwa wamekonda, viwiko vimechongoka, lakini walikuwa wameoga, wamechana nywele, na walitupokea vyombo kwa mikono miwili. "Shikamoo mama." Mama alikuwa akiwajibu mmoja mmoja, na kila marahaba aliitoa akimtazama mtu machoni.

Safari hizo za futari zilianzia kwenye darsa ya kina mama mtaani kwetu, Ng'ambo. Mara tu ule mwezi ulipoandama, waligawana siku na vyakula. Huyu maharage ya nazi, huyu ndizi mbivu, yule kaimati. Ilikuwa miezi michache tu tangu kisiwa kitoke katika kile kiza cha miezi mitatu, umeme ulipokatika kuanzia Disemba hadi Machi, na watu wengi walikuwa bado wanalipa madeni ya wakati ule. Hata hivyo hakuna aliyerudisha mkono nyuma. Aliyekosa cha kupika alileta nazi mbili na kuni.

Uji ulikuwa wa Bi Mkubwa. Nitamwita hivyo, kwani ndivyo sote tulivyokuwa tukimwita. Uji wake wa pilipili manga ulikuwa unanukia tangu kwenye gari, ukali wake unapanda puani na kukutoa machozi ya saumu. Alikuja nao kila siku, si zamu yake tu. Lakini mlangoni alisimama. Mwanawe wa pekee alikuwa amefia maskani, kwenye gofu moja huko mjini, sindano ingali mkononi. Bi Mkubwa alikabidhi sufuria, akarudi nyuma hatua mbili, akaegemea ukuta na kungoja vyombo. Hakuna aliyemhimiza aingie.

Uani palikuwa na chumba ambacho pazia lake halikufunguliwa ovyo. Humo walilala waliofika karibuni, walio katika arosto. Ukipita ulisikia miayo isiyokwisha, meno yakigongana, mtu akitapika ndani ya ndoo, mwingine akiomba akandwe miguu kwa kuwa mifupa inamtafuna. Walijifunika blanketi na huku jasho linawatiririka. Wenzao waliokwishapita hapo ndio waliowauguza, wakiwakanda kwa mafuta ya nazi na kuwanywesha maji ya sukari na chumvi. Siku moja kijana mmoja alilia kwa sababu ustadhi wao amemkataza kufunga. Ustadhi alikaa naye chini, akamwambia mgonjwa ana ruhusa aliyopewa na Mungu mwenyewe, atakuja kuzilipa siku zake akipona. "Kunywa maji, mwanangu. Hii nayo ni kutii."

Ustadhi huyo nilikuwa nikimpenda kwa utaratibu wake. Vijana walikuwa wakifuata hatua 12, zile zilizoandikwa Marekani miaka ya 1930 kwa ajili ya walevi wa pombe, na kila jioni walikaa duara, mtu akataja jina lake na kukiri kuwa ni mraibu. Angeweza kuzikataa kwa kuwa zimetoka mbali. Yeye alizisikiliza, kisha baada ya tarawehe akawafundisha masharti ya toba: kuacha, kujuta, kuazimia kutorudia, na kuwarudishia watu haki zao. Hilo la mwisho lilikutana sawasawa na hatua ya nane na ya tisa, ambamo mraibu huandika aliowadhulumu na kwenda kuwafidia. Kaka alituonyesha karatasi yake. Redio ya baba. Pasi ya mkaa. Herini za mama. Viatu vyangu vya skuli. Nilikuwa nimevisahau vile viatu. Yeye alikumbuka hadi rangi ya gidamu.

Pia alikuwepo kijana kutoka bara, Mkristo. Wakati wa swala alibaki jikoni akipanga bilauri, na Jumapili mlezi mmoja, Muislamu, alimsindikiza hadi kanisa la Minara Miwili, akamngoja nje mpaka misa iishe.

Adhana ilipoadhiniwa, tende zilizungushwa kwa sinia, kila mtu akachukua moja. Kimya kidogo, kisha kelele: vijiko, "nipasie pilipili", mtu anacheka na mdomo umejaa. Walikula kwa pupa ya watu walioanza kupata ladha tena. Halafu safu zilinyooka chini ya mshelisheli, bega kwa bega na wazee wa mtaa waliokuja kufuturu nao. Mzee aliyekuwa akificha baiskeli yake akiwaona vijana hawa sasa alisimama baina ya wawili wao.

Mfunguo Mosi, mabango ya uchaguzi yamejaa kila ukuta, mume wa Bi Mkubwa alifariki. Wanaume wa mtaa wetu walikuwa wachache asubuhi ile, wengine wamo makazini, na kaburi linahitaji mikono. Mtu akatumwa Bububu. Walikuja wote wenye nguvu za kusimama, kofia zimenyooka vichwani, na kaka akiwemo. Walichimba, wakakata mwanandani, wakapanga viunza, kisha wakarudi kulipokea jeneza na kupokezana begani hadi makaburini. Hapo nyuma walikuwa watu wa kupewa tu: chakula, nguo, nasaha. Siku hiyo waliombwa. Naamini lile jeneza liliwafanyia kazi ambayo futari zetu zote hazikuifanya, ingawa bila futari zile asingepatikana wa kuwatumia salamu.

Sitaki kuipamba habari hii. Wapo waliotoka pale wakarudi maskani wiki hiyo hiyo, na wengine tumewazika. Kaka mwenyewe aliteleza, akarudi, akateleza tena. Mwaka 2011 Muhimbili walianza kutoa methadoni, na baadaye huduma hiyo ikafika kwetu, hospitali ya Kidongo Chekundu. Kaka akawa anakwenda kila asubuhi kunywa dozi yake mbele ya muuguzi. Baadhi ya waumini walinong'ona kuwa amebadili ulevi kwa ulevi. Mimi nasema dua na dawa zote ni rehema, na anayemnyima mgonjwa mojawapo kwa jina la nyingine anamdhulumu.

Lakini Ramadhani iliyofuata ile ya 2010 kaka alikuwa bado Bububu, amepewa usimamizi wa jiko. Tulishuka kwenye gari na sufuria zetu kama kawaida. Bi Mkubwa alifika mlangoni na hakusimama. Alipita uani, akavua viatu, akaingia jikoni moja kwa moja, akafunua kawa, akageuza sufuria iliyooshwa jana na kuinusa.

"Nani kaosha hii?"

"Mimi, Bi Mkubwa," kaka akajibu.

"Hujui kuosha. Uji wangu hautiwi kwenye chombo chenye shombo. Lete majivu na kumbi, na wenzako waje waangalie, sitarudia kufundisha."

Wakaja wote, hata waliokuwa wamelala.