Samahani Si Fidia

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakutuachia tiba ya mtu anayedaiwa deni ambalo amekwisha kulilipa.

Mwaka jana madalali walilikokota gari langu alfajiri, majirani wakishuhudia, kwa madai kwamba mkopo haukuwa umelipwa kwa miezi mitatu. Fedha hizo zilikuwa zimekatwa kwenye mshahara wangu kila mwezi na benki ikazipokea, ila iliziingiza katika akaunti ya mteja mwingine. Ilinilazimu kutumia siku kumi na moja kuithibitishia benki jambo ambalo kumbukumbu zake zenyewe zilikuwa zikilieleza muda huo wote.

Benki ilikiri kosa na kuniandikia barua ya kuomba radhi kwa “usumbufu”. Kisha ikanitaka nimlipe dalali gharama za kulikokota na kulihifadhi gari kabla ya kukabidhiwa! Kumbe aliyekosewa ndiye agharamie kosa. Ningechelewesha malipo kwa siku moja, mkataba ungenitoza faini pasi na kuniuliza sababu. Benki inapokosea, mkataba uo huo ni bubu.

Sheria, hata hivyo, si bubu. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata huduma zenye ubora unaofaa, na ya kufidiwa hasara itokanayo na kasoro za huduma hizo, ziwe zimetolewa na serikali au na kampuni binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamruhusu mtu kudai kwamba taarifa za uongo kumhusu zisahihishwe. Maana kurudishiwa gari hakulisafishi jina lililokwisha kuorodheshwa miongoni mwa wasiolipa mikopo. Nayo Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya kurejeshewa mali inayohamishika. Mdai anaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inaitaka mahakama hiyo iamue kesi ndani ya siku 60.

Nilizinukuu sheria hizi katika barua yangu, nikadai gari bila malipo yoyote, nauli nilizotumia na rekodi yangu isahihishwe. Benki ilitekeleza yote katika muda wa wiki moja.

Ushindi huo haunifurahishi sana. Mimi ni mhadhiri. Mshahara wangu uliendelea kuingia gari likiwa katika yadi ya dalali. Mwendeshaji bodaboda aliyekopa kununua pikipiki hana mshahara mwingine. Akinyang'anywa pikipiki kimakosa kwa siku kumi na moja, atakosa kweli fedha za kulipia mwezi unaofuata. Hapo kosa la benki litakuwa limezaa deni lile lile ambalo benki ilidai lipo, na dalali atakaporudi, karatasi zake zitakuwa sahihi.

Ndiyo maana kuomba radhi hakutoshi. Benki Kuu ya Kenya iyalazimishe mabenki kumwonyesha mkopaji taarifa ya malipo yake na kusikiliza pingamizi lake kabla ya dalali kutumwa. Kosa likithibitika, gharama zote ziwe za benki, na faini iwe ya kiwango kile kile ambacho mteja hutozwa anapochelewa. Benki nayo ikidaiwa, dawa ni ile ile.