Namba 16 Inapovuliwa: Kaka na Dogo Walivyomuaga Mkongwe wa Kwenye Gemu

Kuna ndugu wawili huko Mbagala, baba mmoja mama mmoja, wamepishana miaka 13. Mkubwa ni fundi gereji, mdogo anauza kava za simu na vocha. Mchana hawaonani kabisa. Lakini usiku, watoto wakishalala na shemeji akishamaliza tamthilia yake, TV inakuwa ya kwao. Linawashwa PS3 la mtumba, pedi imezungushiwa solotepu, na FIFA 14 inaanza.

Na hawachezi kufungana wao kwa wao. Wana timu moja tu, Manchester United, kwenye ile sehemu ya gemu ambayo wewe ndo kocha: unasajili, unauza, unapanga kikosi, msimu baada ya msimu. Kaka anashika pedi kipindi cha kwanza, dogo anashika cha pili. Luku ikiisha katikati ya mechi, imekula kwao, wanaanza upya kesho. Ndo maana kwa miaka minne walikuwa hawajafika mbali sana.

Kwa ambaye hajawahi kucheza, ngoja ieleweke kitu kimoja. Kwenye gemu hii wachezaji wanazeeka. Dogo wa miaka 18 namba zake zinapanda kila msimu, akishavuka 30 zinaanza kushuka. Mbio ndo zinatangulia kuondoka, halafu pumzi. Pasi na jicho la kuona mwenzako yuko wapi vinakaa mpaka mwisho. Halafu siku moja inakuja taarifa kwenye skrini kwamba fulani atastaafu msimu ukiisha. Ikishakuja hiyo, hata uwe na hela zote za benki, humwongezei mkataba. Msimu ukifungwa unafungua orodha ya kikosi, jina halipo. Hakuna sherehe wala maua. Mahali fulani duniani anatokea kijana wa miaka 16 wa taifa lilelile, jina jingine, na maisha yanaendelea.

Wa kwanza kuwaaga alikuwa Ryan Giggs, msimu wa kwanza tu. Na uzuri wake, hata kwenye maisha ya kweli Giggs alistaafu mwaka huohuo wa 2014. Tarehe 6 Mei, akiwa kocha wa muda wa United, alijiingiza mwenyewe kama sabu dhidi ya Hull City akiwa na miaka 40. Ilikuwa mechi yake ya 963 kwa United na ndo ikawa ya mwisho. Kaka aliipenda sana habari hiyo. Alikuwa akisema mwanaume anatakiwa aondoke vile, ajiingize mwenyewe na atoke mwenyewe.

Baada ya Giggs wakafuata Ferdinand, Vidic na Evra. Rooney hawakumsubiri, kaka alimuuza akiwa na miaka 31. Alikuwa na sheria yake: "Embe likishaiva usilisubiri lianguke." Dogo alinuna wiki nzima, maana yeye ndo mwenye huruma. Ingekuwa ni yeye peke yake, kikosi kingejaa wazee watupu.

Aliyesamehewa na sheria ya embe ni mmoja tu, Michael Carrick, jezi namba 16. Kila msimu namba zake zilishuka, kila msimu kaka akapita kwenye jina lake kama hajaliona.

Sababu haikuwa siri. Kaka mwenyewe alikuwa kiungo wa timu ya mtaa, timu ya ndondo, na mgongoni alivaa 16 kwa ajili ya Carrick. Alikuwa sio mtu wa mbio hata ujanani. Alikuwa anasimama katikati, anaangalia kushoto, anapiga kulia, na mashabiki wanacheka. Alikuwa nahodha, ndiye aliyekuwa anachangisha hela za jezi, na mechi zikiwa mbali ndiye aliyetafuta gari. Dogo naye alikuwa timu hiyohiyo, nafasi hiyohiyo, ila benchi.

Sasa ikafika Mei 2018. Carrick wa kweli alikuwa ameshatangaza kwamba anamaliza. Jumapili ya tarehe 13, ndugu hao wakawahi kibanda umiza kuangalia mechi ya mwisho ya ligi dhidi ya Watford. Carrick akaanza akiwa na kitambaa cha unahodha. Bao likapatikana moja: Carrick alipiga pasi moja ndefu ikamkuta Juan Mata, Mata akampasia Rashford, kambani. Mwishoni mwishoni akatolewa, Old Trafford nzima ikasimama kumpigia makofi. Kaka alikuwa anafuta macho. Alipoulizwa akasema ni moshi wa chipsi.

Jumanne yake, kocha wa timu ya mtaa akamwita dogo pembeni. Baada ya Idi kuna mashindano, kikosi kinapangwa upya. Akamwambia kaka yako goti limekwisha, hawezi tena, na namba 16 itakuwa yako. Dogo akauliza, "Umeshamwambia?" Kocha akaangalia chini. "Mwambie wewe. Ni kaka yako."

Jumanne ikapita, Jumatano ikapita. Alhamisi mfungo ukaanza. Dogo kila akifungua mdomo anajikuta anaongelea kitu kingine. Unaanzaje? Huyu ndiye aliyemlipia ada baba yao alipofariki. Viatu vyake vya kwanza vya mpira alinunuliwa na huyuhuyu. Unaanzaje kumwambia mtu kama huyo kwamba amekwisha?

Ijumaa, baada ya futari na tarawehe, wakawasha gemu. Na taarifa ikaja. Carrick wa kwenye gemu, miaka 37, atastaafu msimu ukiisha.

Kaka akacheka kidogo. "Tutamchezesha mpaka siku ya mwisho."

"Bro, zimebaki mechi sita na tunapigania ubingwa," dogo akasema. "Hakimbii tena. Mwache mzee apumzike."

Pengine ni namna alivyolisema. Kaka akasimamisha mechi, pedi akaiweka kwenye mkeka.

"Kocha kakutuma?"

Dogo akaangalia pedi. "Eeh."

"Tangu lini?"

"Jumanne."

"Na jezi anapewa nani?"

Hapo dogo alikaa kimya muda mrefu. "Mimi," akasema.

Kaka hakupiga kelele. Alisema tu kwamba goti ni lake, anajua linavyomuuma akitoka chini ya gari, hakuhitaji kuambiwa na mtu. Alikuwa ameshapanga kuacha baada ya mashindano hayo. "Lakini miaka 11, dogo. Miaka 11 nimewabeba, kocha anashindwa hata kunipigia simu? Hata hii mashine inatoa taarifa." Akachomoa waya bila kuseivu, akaingia kulala.

Siku mbili TV haikuwashwa usiku. Shemeji akauliza kuna nini, akajibiwa umeme mdogo.

Siku ya tatu dogo alipotoka msikitini alikuta kaka ameshakaa, gemu iko tayari. Hakusema samahani, wala dogo hakusema. Alimpa ujumbe mmoja tu. "Mwambie kocha kikosi nimekubali. Ila aje hapa nyumbani aniambie mwenyewe. Mimi sio mtu wa kutumiwa mtoto."

Na kocha akaja, tena baada ya futari, na mfuko wa tende mkononi. Walikaa barazani karibu saa nzima. Yaliyoongelewa pale wanayajua wao wawili. Dogo alikuwa ndani, alichosikia ni kicheko cha kaka mara moja na kikombe kuwekwa chini. Kocha alipoondoka aliaga kwa kushika mkono kwa mikono miwili.

Wiki mbili baadaye wakafika mechi ya mwisho ya msimu kwenye gemu. Wakishinda ni mabingwa. Kaka akampanga Carrick kuanzia mwanzo na kumpa unahodha. Dogo alitaka kusema kitu, akanyamaza.

Ilikuwa kama alivyohofia. Wapinzani walimpita Carrick kama amesimama, na bao la kwanza lilipitia hapohapo kwake. Kipindi cha pili pedi ikaja kwa dogo, na kwa sheria yao aliyeshika pedi ndiye anayefanya mabadiliko. Dakika ya 60, hakumtoa. Ya 70, hakumtoa. Dakika ya 77 Carrick akapokea mpira katikati, dogo akapiga pasi moja ndefu, mshambuliaji akakimbia nayo, moja moja. Ndugu wote wawili walipiga kelele mpaka mtoto akaamka.

Dakika ya 85 dogo akasimamisha mechi, akamgeukia kaka yake, akampa pedi.

"Mtoe wewe."

Kaka akaishika. Akatafuta jina, akabonyeza. Carrick akatoka taratibu. Kaka akapiga makofi matatu, peke yake, sebuleni, saa sita usiku.

Mechi ikaisha moja moja. Ubingwa ukaenda kwa pointi moja. Kwa mtu wa sheria ya embe, hiyo ilikuwa hasara kubwa, lakini safari hii aliseivu mwenyewe kabla ya kuzima.

Asubuhi yake dogo alikuta jezi juu ya begi lake, imefuliwa na kukunjwa. Kaka alikuwa anavaa viatu vya kazini. "Namba hiyo usiikimbize," akasema. "Tulia, angalia kwanza." Akatoka.

Baada ya Idi mashindano yakaanza. Mechi ya kwanza dogo alicheza hovyo, alipoteza mipira hatari. Nje ya chokaa kulikuwa na mtu mmoja amesimama na goti limefungwa bandeji, anapiga kelele kuliko kocha: "Angalia kwanza! Angalia kwanza!" Mechi ya pili ilikuwa afadhali.

Kwenye gemu, jezi namba 16 ya United ilibaki bila mtu msimu mzima uliofuata. Kila usajili ukija, kaka anapita kwenye namba hiyo kama hajaiona.

Haya mdau, kwenye timu yako, kazini au hata nyumbani, yuko mkongwe ambaye wote mnajua muda wake umefika? Nani atakwenda kumwambia? Na atakwenda mwenyewe, au atamtuma mtoto? Tupia maoni yako hapo chini.