Yaliyopita na Ndwele Yake



Zipo filamu nyingi zinazosimulia jinsi dola zinavyoanguka. Ni chache zinazoingia nyumbani baada ya hapo, familia inapoketi tena pamoja na kiti kimoja kikawa kitupu. Juma hili twapenda kutafakari mbili kati ya hizo.

Ya kwanza ni Sometimes in April ya mwaka 2005, iliyoongozwa na Raoul Peck, mzaliwa wa Haiti. Augustin, kapteni Mhutu katika jeshi la Rwanda, amemwoa Jeanne, Mtutsi. Nduguye Honoré ni mtangazaji wa RTLM, redio iliyochochea mauaji ya mwaka 1994. Hatari ilipobisha hodi, Augustin alimkabidhi nduguye huyo mke na wana wao wawili, awafikishe mahali salama. Miaka 10 baadaye Honoré, akiwa kizuizini Arusha kwa amri ya Mahakama ya Kimataifa, anamwita Augustin.

Hapo ndipo filamu ilipotugusa. Mahakama ile, iliyofunga kazi zake mwaka 2015, ilikuwa na uwezo wa kupima makosa na kutoa adhabu. Lakini Augustin alitaka kujua jinsi wapenzi wake walivyokufa, na aliyeweza kumweleza ni yule yule ambaye sauti yake redioni ilisaidia kuwasha moto, kisha akajaribu kuwaokoa asiweze.

Ya pili ni La historia oficial ya Luis Puenzo, iliyotoka Ajentina mwaka 1985. Alicia, mwalimu wa historia mjini Buenos Aires, anaanza kushuku kwamba Gaby, binti anayemlea, ni mtoto wa watu waliopotezwa na utawala wa kijeshi wa mwaka 1976 hadi 1983. Angeweza kunyamaza akabaki na mtoto. Anachagua kuuliza, hali akijua kwamba jibu laweza kuibomoa nyumba yake. Nje ya filamu, Mabibi wa Plaza de Mayo wametafuta wajukuu wao tangu mwaka 1977, na zaidi ya 130 wamekwisha kutambuliwa.

Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Twauheshimu usemi huo. Lakini filamu hizi zatuonya tusiutumie kumnyamazisha aliyefiwa. Yako yaliyopita ambayo bado ni ndwele, na mganga hawezi kuganga kidonda asichoonyeshwa.

Basi tujiulize: katika nyumba zetu, ni nani angali anangoja kuelezwa ukweli, na ni nani kati yetu anayeujua?