Datsun ya Baba Mdogo

Kabla ya kuhamia Kibaha, baba mdogo aliipandisha Datsun 240Z yake juu ya matofali kule Kisarawe, akaifunika turubai. Alijigamba kuwa ndiyo gari ya Shekhar Mehta, mshindi wa Safari Rally mwaka 1973. Aina ile ile tu, basi! Macho yalipomwishia akaniita: "Mwanangu, iwashe niisikie."

Loo! Petroli imegeuka gundi ndani ya kabureta zote mbili, breki zimeshika, panya wamekula nyaya. Mimi na fundi tukaosha tangi, tukabadili mipira ya breki, tukadondosha oili kwenye silinda kabla ya kupiga stata. Siku ya tatu ikanguruma.

Tukapita Pugu, tukashika Barabara ya Morogoro hadi Maili Moja. Barazani, baba mdogo akainamisha kichwa, kimya.

"Plagi moja haichomi," akasema.