Barua kutoka Texas: Kisu Kisicho na Makali

Ndugu zangu wa nyumbani,

Nawaandikia kutoka Austin, Texas. Kilichonifanya nishike kalamu mwezi huu ni swali la mdogo wangu aliyeko Tanga. Aliona picha yangu nimesimama karibu na gogo lenye visu vitatu vilivyochomekwa, akaniuliza: "Dada, hivyo visu ni vya nini?" Aliuliza kwa wasiwasi, wala simlaumu. Kwetu kisu kina kazi yake jikoni, shambani na machinjoni; kikitajwa kwingine, mara nyingi habari huishia polisi au hospitali. Jibu lake nalitoa hapa hadharani, maana najua wengi mngeuliza vivyo hivyo.

Visu vile ni vya mchezo. Jumamosi asubuhi watu wa hapa, wazee kwa vijana, wanawake kwa wanaume, hukutana kwenye uwanja wenye magogo ya shabaha, wakarusha visu kwa zamu na kuhesabu pointi. Austin ndiko yaliko makao ya Jumba la Heshima la Kimataifa la Warusha Visu, ambalo limekuwa likiandaa mashindano ya dunia na kuwaenzi mabingwa wa mchezo huu. Shabaha ya mashindano hayo ina miduara mitano. Wa katikati una upana wa inchi 4, na anayeupata huandikiwa pointi 5. Wa nje kabisa una upana wa inchi 20, na hutoa pointi 1. Kadiri raundi zinavyosonga, mrushaji naye husogea nyuma, na huko nyuma ndiko bingwa anakojulikana.

Wengi wasioujua mchezo huu hushangaa wakishika kisu cha kurusha kwa mara ya kwanza, kwa sababu hakina makali. Unaweza kupitisha kidole ubavuni mwake usipate hata mkwaruzo. Kinachofanya kazi ni ncha peke yake. Kuna sababu ya msingi: kuna wakati mrushaji hushika upande wa bapa, si mpini, na bapa lenye makali lingemkata kila linapomtoka mkononi. Pia kisu hiki ni kipande kimoja cha chuma cha pua, kuanzia ncha hadi mwisho wa mpini, bila mbao wala plastiki. Mpini wa kubandika hupasuka unapogongwa na kisu kingine. Chuma chenyewe hakikazwi sana kwenye moto. Kisu cha jikoni hukazwa ili makali yadumu, na ndiyo maana ukikirusha huvunjika na vipande kuruka. Kisu cha kurusha huachwa na ulaini kidogo, ili kikipiga vibaya kipinde badala ya kukatika.

Vingi vina urefu wa kati ya sentimita 30 na 40, na huuzwa vitatu vitatu vinavyofanana kwa kila kitu. Kufanana huko ndiko kunakomfundisha mrushaji: kisu kikikosa, ajue kosa ni la mkono. Kuhusu uzito, kanuni inayopita mdomo kwa mdomo ni aunsi moja kwa kila inchi, au zaidi kidogo. Kwa hiyo kisu cha inchi 12 kinafikia gramu 340 hivi. Kisu chepesi huyumba hewani na hupokea kila kasoro ya mkono, ilhali kizito hutulia. Mtu aliyefanya kazi kubwa ya kueneza ujuzi huu Marekani ni Harry McEvoy wa Michigan. Alitengeneza visu vilivyoitwa Tru-Bal, na mwaka 1973 alichapisha kitabu cha mwongozo ambacho warushaji bado wanakitaja.

Katika kikundi chetu yupo mzee mmoja, fundi bomba mstaafu, ambaye hafiki uwanjani bila tupa. Kila baada ya raundi kadhaa hukusanya visu vyetu, akapitisha kidole gumba polepole kwenye kila ukingo. Visu vikigongana kwenye gogo huota vijino vidogo vya chuma, na vijino hivyo ndivyo vinavyochana viganja vya watu. Mzee akikigusa kimoja, hukaa kwenye kiti chake, akabana kisu kati ya magoti na kukipiga tupa mpaka ukingo uwe laini tena. Kisha huitazama ncha. Ikiwa imejikunja, huinyoosha na kuirudishia umbo, wala hairuhusu iwe nyembamba mno. Hakuna anayerusha mpaka amalize, na hakuna anayemharakisha.

Gogo nalo lina elimu yake. Wapo wanaofikiri ubao wowote unafaa. Ubao wa kawaida hupasuka upesi, na kisu hakishiki vizuri. Kinachotakiwa ni kisahani kinene kilichokatwa kutoka kwenye shina la mti laini, kama msonobari au popla, kikasimamishwa uso wake uliokatwa ukimwelekea mrushaji. Hapo ncha hupenya katikati ya nyuzi za mti bila kuzikata sana, na kisu kikichomolewa, nyuzi hurudiana. Watu hulimwagia gogo maji siku moja kabla, kwa sababu mti mkavu ni mgumu na hukirudisha kisu kwa nguvu.

Nije kwenye kurusha kwenyewe. Unashika mpini kama unavyoshika nyundo, mkono unapanda kando ya sikio, unashuka mbele, na kisu kinatoka chenyewe kiganjani bila kukisukuma kwa kifundo cha mkono. Kikishatoka, kinazunguka. Kwa mshiko huo, kinamaliza mzunguko mmoja mzima kwenye umbali wa mita 3 na ushei, na ncha inafika mbele. Ukitaka kurusha kutoka mita 2 hivi, unakigeuza na kushika bapa, ili kifike kwa nusu mzunguko. Ukirudi nyuma zaidi ni mzunguko mmoja na nusu, kisha miwili, na kuendelea. Hatua moja fupi mbele au nyuma inatosha kukifanya kisu kipige gogo kwa ubavu na kuanguka. Ndiyo maana mrushaji mzuri huanza kwa kutazama miguu yake. Nguvu hazimsaidii mtu hapa. Nimeona vijana wenye misuli wakikosa gogo zima, na bibi wa miaka sabini na kitu akipiga katikati kwa utulivu, kwa kuwa yeye hufanya jambo lilelile kila mara.

Tatizo hilo la mzunguko, la ncha moja ambayo lazima ifike kwa wakati wake, linanirudisha Afrika. Wahunzi wa kwetu walilitatua zamani kwa njia nyingine. Wazande, wanaoishi kaskazini mwa Kongo, Sudan Kusini na Jamhuri ya Afrika ya Kati, walikuwa na kisu cha vita kiitwacho kpinga. Kisu hicho kina mabapa kadhaa yaliyochomoza pande tofauti kutoka kwenye shina moja la chuma. Kikirushwa kikazunguka, karibu kila upande unaofika mbele una kitu cha kukata. Mrushaji hakulazimika kupima umbali kwa hatua; hesabu ya mzunguko ilikwisha kufanywa na mhunzi kwenye fuawe. Mjerumani Georg Schweinfurth, aliyesafiri huko kati ya 1868 na 1871, alichapisha michoro ya kazi za mikono za watu wa eneo hilo mwaka 1875, na Ulaya ikastaajabu. Katika sehemu mbalimbali za Afrika ya Kati visu vya kurusha vilitumika pia kama mali, hata katika mahari.

Leo vingi vya visu hivyo vimo ndani ya vioo vya makumbusho, kama British Museum ya London na yale ya Tervuren huko Ubelgiji. Linaniuma hilo. Mtoto wa Kinondoni au wa Kisauni akitaka kujua kuhusu visu vya kurusha, filamu zitamwonyesha sarakasi za Wazungu na nyota za chuma za Wajapani, wala hataambiwa kwamba bara lake lilitoa baadhi ya visu vya kurusha vyenye ufundi mkubwa kuliko vyote duniani. Walimu wa historia na wa sayansi wana somo zima hapo: chuma, mwendo wa mzunguko na akili ya wahunzi wetu, vyote katika kitu kimoja.

Nimetaja sarakasi. Huko ndiko wengi walikoona visu vikirushwa, na mwanamke amesimama mbele ya ubao. Mwaka 1938 sarakasi kubwa ya Ringling ilileta Marekani wasanii walioitwa The Gibsons, ambao walimfunga mtu kwenye gurudumu linalozunguka na kumrushia visu pembeni ya mwili. Katika mchezo wetu jambo hilo ni mwiko. Kanuni ya kwanza ni mstari. Anayerusha anasimama kwenye mstari, na wengine wote wanakaa nyuma yake hatua kadhaa, kwa sababu kisu kinachogonga kwa mpini kinaweza kurudi kasi hadi miguuni mwa watazamaji. Viatu ni vya kufunika vidole. Hakuna anayevuka mstari kufuata kisu chake mpaka kila mtu awe amemaliza na ishara imetolewa. Hapo wote huenda pamoja na kurudi pamoja. Nimemwona mtoto wa miaka kumi akimzuia baba yake kwa mkono kwa sababu jirani alikuwa amebakiwa na kisu kimoja. Baba alirudi nyuma, akamshukuru.

Sheria nayo lazima niiseme, hasa kwa ndugu zetu walio ughaibuni. Hapa Texas, visu vilivyoundwa kwa kurushwa vilikuwa miongoni mwa visu haramu kubebwa, mpaka sheria ilipobadilishwa kuanzia tarehe 1 Septemba 2017. Hata sasa, kisu chenye bapa linalozidi inchi 5.5 hakiruhusiwi shuleni, mahakamani, hospitalini, kwenye nyumba za ibada wala kwenye baa, na kwa walio chini ya miaka 18 kuna masharti zaidi. Uingereza ni kali zaidi. Huko, kubeba hadharani kisu kisichokunjwa bila sababu halali ni kosa, na mwenye umri chini ya miaka 18 hauziwi. Mimi visu vyangu hukaa ndani ya sanduku lililofungwa, kwenye buti la gari, na naenda navyo uwanjani na kurudi nyumbani moja kwa moja. Mtu mweusi na mgeni ana sababu ya ziada ya kufanya hivyo, na wenzangu wa huku wananielewa.

Sasa neno langu kwenu. Tuna vijana ambao jambo la kwanza walilojifunza kuhusu chuma ni kukiogopa au kukitumia kuogofya. Mchezo huu unamfundisha mtu kusubiri zamu, kulinda usalama wa jirani kabla ya pointi zake, na kutunza chombo chake kwa mikono yake. Mafundi wa Gerezani na wa jua kali Kamukunji wanaweza kutengeneza visu vya namna hii, kwa kuwa chuma na ujuzi wanavyo. Watakaopenda kujaribu waanze kwa kuuliza sheria ya mahali walipo na kuzungumza na serikali ya mtaa. Watafute uwanja wenye ukuta au tuta la udongo nyuma ya shabaha, na mtu mzima mwenye mamlaka ya kusema "simameni" akatiiwa. Kama mtu huyo hayupo, msianze. Kama yupo, anzeni na gogo na mstari, na kisu kije mwisho.

Wenu katika kheri,
Dada yenu wa Texas