Betri Hupimwa kwa Usiku

Mama yangu ana umri wa miaka 72, na kwa miaka 11 sasa anajidunga insulini. Chupa ambazo hazijafunguliwa hutakiwa kukaa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, wala zisigande. Nasi hapa Malindi, mwezi wa Machi, joto la chumba hupita nyuzi 30. Ndiyo maana umeme ulipopotea karibu nchi nzima usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, hatukuwaza televisheni wala simu. Tuliufunga mlango wa friji, tukawakataza watoto kuugusa, tukawa tunahesabu saa. Friji isiyofunguliwa huhifadhi baridi yake kwa muda wa saa 4 hivi. Zikipita hizo, mtu hana hakika tena na dawa yake.

Tulipoazimia kuweka sola, kila aliyetushauri alianza na paneli. Ndugu yangu aliye Maskati, ambaye ndiye aliyetoa sehemu kubwa ya fedha, alitaka mtambo wa kuendesha kiyoyozi. Fundi naye aliuliza nyumba ina vyumba vingapi. Swali hilo sikuliona na faida, kwani vyumba havili umeme. Wanaokula ni vyombo, na muhimu zaidi ni kujua vinakula saa ngapi. Sisi tulio karibu na ikweta jua letu huchomoza na kuzama karibu wakati ule ule mwaka mzima, lakini paneli haitoi nguvu ya maana asubuhi mapema wala jioni. Kuanzia saa 11 jioni hadi saa 2 asubuhi, yaani saa 15, nyumba imo mikononi mwa betri.

Basi nilichukua daftari nikauhesabu usiku, tena usiku wa Ramadhani, maana ndio mzito kuliko yote: watu hurudi kutoka tarawehe, huzungumza hadi usiku mkubwa, kisha huamkia daku. Taa 5 za wati 8, kwa saa 6, ni wati-saa 240. Feni 2 za wati 50, kwa saa 9, ni 900. Friji yetu ni ya wati 100, lakini mashine yake hupumzika karibu nusu ya muda, hivyo kwa saa 15 ni 750. Intaneti na simu nilizitengea 110. Jumla ni 2,000 kamili. Inveta nayo hutoza ushuru wake njiani, nikaandika 2,200.

Namba iliyoandikwa ubavuni mwa betri isikudanganye, ewe msomaji. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 200 ina wati-saa 2,400 kwa maandishi, ila ukiitumia kupita nusu kila usiku itakufa mapema. Kwa hesabu yetu zingehitajika mbili. Betri ya lithiamu, ile ya chuma na fosfati, huruhusu asilimia 80 bila taabu, na hustahimili kujazwa maelfu ya mara. Bei yake siku ya kununua huumiza zaidi. Tulichukua ya volti 24 na ampea-saa 150: ni wati-saa 3,600, na zinazotumika ni 2,880. Hizo zinazozidi hesabu ni akiba ya friji kwa asubuhi za mawingu ya masika.

Kiyoyozi je? Kidogo cha wati 1,000, hata kikipumzika nusu ya muda, kwa saa 8 hula wati-saa 4,000, mara mbili ya usiku wetu mzima. Nilimpigia ndugu yangu simu nikamsomea daftari. Akanyamaza, kisha akauliza, “Na mama atalalaje Machi?” Nikamwambia, “Kwa feni, kaka, na friji yake ikiwaka.” Akakubali kwa sharti kwamba mtambo uweze kuongezwa betri ya pili ya aina ile ile baadaye. Sharti hilo ni la busara, nami nililiandika katika makubaliano na fundi.

Paneli zilifuata, 3 za wati 400, na inveta inayohimili mshtuko wa friji inapoanza kunguruma, maana dakika hiyo huvuta mara kadhaa ya wati zake. Pasi na birika ni kazi za adhuhuri. Betri tuliiweka ushorobani penye kivuli, mbali na joto la bati na upepo wa chumvi unaokula vichwa vya nyaya.

Kijana wangu huisoma baada ya sala ya Alfajiri na kuandika. Mara nyingi hukuta nusu imebaki. Asubuhi moja ya mvua, mwezi wa Mei, alikuta asilimia 24; tukazima kila kitu isipokuwa friji, hadi jua lilipotoka saa 4.